Majani ya mzabibu yanaliwa usiku: kutafuta chanzo cha kila dalili na kumdhibiti nondo wa mstari wa fedha

Mkulima wa zabibu anayeingia shambani asubuhi na kukuta tawi lililokuwa na majani jana limebaki na vikonyo vitupu, mara nyingi hukimbilia bomba la dawa kabla hajajua anapambana na nani. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuyafikiria mashamba ya Dodoma, kuanzia Hombolo na Makutupora hadi Mpunguzi na Mvumi, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na unamhusu hasa mdudu mmoja, yaani nondo mkubwa anayeitwa kisayansi Hippotion celerio. Anayekula majani ni kiwavi wake. Nondo mwenyewe hunywa maji matamu ya maua tu. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya hasara ya kiwavi huyu hutokana na kuchelewa kumwona, kwa kuwa wengi humgundua katika siku za mwisho za ulaji wake, wakati dawa haina tena majani ya kuokoa. Kwa sababu hiyo, kila dalili iliyoelezwa hapa inafuatwa na swali lile lile: kiwavi huyu, kama kweli ni yeye, amefikia hatua gani ya maisha yake?

Mdudu mwenyewe na maisha yake

Linnaeus ndiye aliyempa nondo huyu jina la kisayansi mwaka 1758. Anaishi Afrika, kusini mwa Asia na hadi Australia, na ni mrukaji hodari kiasi kwamba baadhi yao huvuka Bahari ya Mediterania kuingia Ulaya na wachache hufika hata Uingereza, ingawa baridi ya huko haiwaachi wadumu. Mabawa yake yakikunjuliwa huwa na upana wa milimita 60 hadi 80. Mabawa ya mbele ni ya kahawia, na juu yake kuna mstari wa rangi ya fedha unaokwenda mshazari hadi kwenye ncha ya bawa. Mabawa ya nyuma yana wekundu wa waridi uliokatwa na weusi, nao huonekana tu anaporuka au anaposhtuliwa. Wakati wa magharibi na usiku huelea hewani mbele ya ua bila kutua, akiwa ameingiza mrija wake mrefu ndani, na huvutwa sana na taa za umeme, jambo ambalo litatufaa baadaye.

Jike hutaga mayai moja moja, wala hayarundiki mahali pamoja. Yai ni la kijani kilichopauka, linang'aa, na ukubwa wake ni kama milimita 1 tu. Hubandikwa upande wa juu au wa chini wa jani, na majani machanga ndiyo hupendelewa zaidi. Kwenye joto yai huanguliwa baada ya siku 5 hivi au zaidi kidogo. Kiwavi anayetoka ana urefu wa milimita chache tu, ila huwa na pembe nyeusi mkiani iliyo ndefu mno ikilinganishwa na mwili wake. Baada ya hapo hula, hunenepa, hujivua ngozi, na kurudia hivyo hadi awe amepitia hatua tano, na wiki 2 hadi 3 au zaidi kidogo baada ya kuanguliwa hufikia urefu wa milimita 80 hadi 90, unene wa kidole.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni kwamba ulaji hauendi kwa kipimo kimoja. Hatua nne za kwanza zikijumlishwa pamoja hula majani machache kuliko hatua ya tano peke yake. Kiwavi anaweza kuishi juu ya mzabibu kwa zaidi ya wiki nzima bila mtu kuona tofauti yoyote, kisha katika siku chache akamaliza tawi, na ndipo watu husema kwamba viwavi wameingia usiku wa jana. Hawakuingia jana.

Akishiba, hushuka chini, husuka nyuzi chache kati ya majani makavu au huingia kidogo tu chini ya udongo, na hapo hugeuka pupa ya kahawia yenye urefu unaokaribia milimita 50. Nondo hutoka baada ya wiki 2 hadi 3 wakati wa joto, na huchukua muda mrefu zaidi katika miezi ya baridi ya Juni na Julai. Uzao mmoja, kutoka yai hadi nondo, huchukua basi kama wiki 6 au 7 katika hali ya kawaida.

Dalili: majani yameisha, vikonyo na mishipa mikuu imebaki

Hii ndiyo alama ya kiwavi mkubwa. Huanza kula kwenye ukingo wa jani, huenda hadi mshipa mkuu, humaliza upande mmoja na kuhamia wa pili, kisha huacha kikonyo kikiwa kimesimama peke yake. Uharibifu huwa wa mahali pamoja: tawi moja limekwisha kabisa, na tawi la jirani liko salama. Ukikuta uharibifu wa namna hii umetawanyika, mzabibu mmoja hapa na mwingine hatua ishirini kutoka hapo, usishangae, kwa kuwa mama alitaga yai moja moja akiwa njiani.

Angalia ardhi iliyo chini ya tawi hilo. Kinyesi cha kiwavi wa jamii hii ni vipande vifupi vilivyo mviringo, vyenye mifereji ya urefu upande wote kana kwamba vimechongwa, na havifanani na kinyesi cha panya wala cha ndege. Kinyesi kibichi ni cha kijani kizito na hupondeka ukikibonyeza kwa kidole. Kilichokaa siku mbili tatu kwenye jua la Dodoma huwa cheusi au kahawia, kikavu, na huvunjika kama unga. Ukubwa wake ndio kipimo chako cha umri. Vipande visivyozidi milimita 1 au 2 vinaonyesha kwamba kiwavi bado ni mdogo na una muda wa kumzuia. Vipande vya milimita 4, 5 au zaidi, vikiwa vibichi, vinaonyesha kwamba yuko katika hatua ya mwisho na anapaswa kuondolewa leo hii, tena kwa mkono. Vipande vikubwa lakini vikavu vyote, bila kibichi hata kimoja, vinaonyesha kwamba kiwavi amekwisha kushuka. Kunyunyizia dawa mzabibu huo ni kupoteza fedha.

Ikiwa mzabibu wako umekomaa na una majani mengi, viwavi wawili au watatu juu yake hawatapunguza mavuno kwa kiasi cha kukusumbua. Hali ni tofauti kabisa kwa miche ya mwaka wa kwanza, ambayo kiwavi mmoja anaweza kuivua majani yote, na kwa mizabibu ambayo vichala vyake vinaanza kuiva. Majani ndiyo yanayotengeneza sukari ya zabibu, na pia ndiyo yanayokinga vichala dhidi ya jua. Yakiondoka wakati huo, sukari hupungua na zabibu zilizozoea kivuli huungua upande unaotazama jua. Anayeuza kwa kiwanda cha mvinyo anajua sukari inapimwa kabla ya bei kuzungumzwa.

Dalili: kinyesi kibichi kipo, kiwavi haonekani

Malalamiko haya ni ya kawaida, na chanzo chake ni kwamba mtu anatafuta mahali pasipo sahihi kwa saa isiyo sahihi. Viwavi wadogo wa kijani hujinyoosha chini ya jani, sambamba na mshipa mkuu, nao hupotea machoni hata kwa mtu aliye karibu. Viwavi wakubwa huwa wa kijani au wa kahawia, na wale wa kahawia mara nyingi huacha majani mchana na kujificha chini zaidi, kwenye mti mkavu wa tawi au karibu na shina, ambako rangi yao hulingana na gome.

Anza na kinyesi kilicho kibichi zaidi, kisha inua macho wima juu yake, kwa kuwa hakuna upepo wa kukisogeza mbali. Geuza majani yaliyo juu ya hapo, ukipitisha jicho kwenye vikonyo kwa kutafuta jani lililokatwa ukingoni ambalo mkato wake bado una unyevu. Usipopata kitu, rudi baada ya jua kuzama ukiwa na tochi. Wakati huo viwavi wakubwa huwa wamepanda kula, na mwanga wa pembeni hufanya miili yao ionekane wazi kuliko mchana. Wakulima waliozoea kukagua usiku hukusanya wengi zaidi kwa muda mfupi kuliko wanaokagua saa nne asubuhi.

Dalili: majani machanga yana matundu madogo

Hapa vyanzo ni vingi, na hapa ndipo uchunguzi huleta faida kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kama ni kiwavi, bado ni mdogo. Kiwavi aliyeanguliwa karibuni hutoboa tundu dogo katikati ya jani au karibu na ukingo, na huwa bado yuko kwenye jani hilo hilo au la jirani. Geuza jani utafute pembe nyeusi. Ni rahisi kuiona pembe kuliko mwili. Kama jani lina matundu mengi mno, hakuna kiwavi, na hakuna vumbi la kinyesi, mshuku mbawakawa anayekula usiku na kujificha mchana kwenye udongo au chini ya magome.

Kuna tundu la aina nyingine linalowapoteza watu. Jani likijeruhiwa likiwa bado limekunjamana kwenye chipukizi, jeraha dogo hutanuka kadiri jani linavyokua, na mwezi mmoja baadaye huonekana tundu kubwa lenye kingo zilizokauka na kuwa kahawia. Tundu hilo ni kovu la zamani. Mkato mpya huwa na ukingo wa kijani, na tofauti hiyo huonekana bila kifaa chochote.

Dalili: kingo zimetafunwa, lakini hakuna kinyesi hata kimoja

Kiwavi mkubwa hawezi kula bila kuacha kinyesi chini yake. Pasipo na kinyesi, na pasiponyesha mvua ya kukisomba usiku huo, tafuta mlaji mwingine. Panzi hukata kingo ovyo na huonekana mchana wakirukaruka. Mbawakawa wa usiku hukata vipande vidogo vidogo kwenye ukingo, na tochi ya saa mbili usiku huwafichua. Kama machipukizi yamekatwa pamoja na vikonyo vyake, yote kwa urefu unaolingana, upande mmoja wa shamba, basi kabla ya kuhangaika na vitabu vya wadudu kagua nyayo za mbuzi na hali ya uzio.

Dalili: majani yapo, ila yamebadilika rangi au yamejikunja

Hakuna nondo anayehusika hapa. Unga mweupe wa kijivu juu ya majani, machipukizi na zabibu changa ni ubwiri unga, ambao kwa kawaida hudhibitiwa kwa salfa na kwa kupunguza msongamano wa matawi. Mabaka ya manjano yanayoonekana kana kwamba yamelowa mafuta juu ya jani, yakiwa na utando mweupe chini yake wakati wa unyevu, ni ubwiri vinyoya. Majani yanayonata na kuota weusi kama masizi, huku sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, yanaashiria vidung'ata. Mzabibu unaonyauka wakati majani yake hayajaguswa unapaswa kuchunguzwa kwenye mizizi, hasa kwa ajili ya mchwa.

Dalili: zabibu zilizoiva zimetobolewa na zinavuja

Wapo wanaokamata nondo wa mstari wa fedha kwenye taa ya nyumba iliyo karibu na shamba, kisha wakahitimisha kwamba ndiye anayefyonza zabibu zao. Mrija wake ni mrefu lakini laini, umeumbwa kwa ajili ya maua yenye koo refu, na hauwezi kupenya ganda la tunda zima. Wapo nondo wengine, wanene na wa jamii tofauti, ambao ncha ya mrija wao ni ngumu na ina meno, nao hutoboa matunda yaliyoiva ya aina nyingi usiku. Tundu lao ni dogo na la mviringo, na nyama ya tunda chini yake hulegea na kuanza kuchacha. Ndege huacha ganda lililochanwa na zabibu iliyokosa kipande, tena mchana. Nyigu na nyuki kwa kawaida hufuata matundu yaliyotobolewa na wengine. Dawa ya majani haisaidii katika mojawapo ya hali hizi, na karibu na mavuno haipasi hata kufikiriwa. Vyandarua juu ya vichala, au kuvuna mapema sehemu iliyoathirika, ndiyo njia inayobaki.

Dalili: wafanyakazi wanaogopa kumshika kwa sababu ana macho na pembe

Kiwavi aliyekua ana doa kubwa la mviringo kila upande, kwenye pingili ya kwanza ya tumbo, na doa dogo zaidi kwenye pingili inayofuata. Ukimgusa, huvuta kichwa chake chembamba ndani ya kifua, sehemu hiyo hufura, na madoa yale hutokeza nje yakionekana kama macho mawili ya kichwa cha nyoka mdogo. Wengine huongeza vitisho kwa kutikisa sehemu ya mbele ya mwili. Ni hila ya kuwafukuza ndege, na huwafukuza watu pia. Macho yake halisi ni madogo mno na yako kwenye kichwa alichokificha.

Pembe ya mkiani haina sumu, haichomi na haina kazi ya kujihami kwa mtu. Unaweza kuishika kwa vidole. Anayestahili kuogopwa ni kiwavi mwenye manyoya, yule washawasha, ambaye ni mdudu mwingine kabisa. Kwa hiyo sheria ya kuwafundisha vibarua ni fupi: mwenye ngozi laini na pembe moja anashikwa kwa mkono, mwenye manyoya hashikwi. Anapookotwa huweza kutapika majimaji ya kijani, ambayo ni majani aliyoyala, na doa lake kwenye nguo ni gumu kutoka.

Dalili: kiwavi ana vitu vyeupe mgongoni, au mayai yamekuwa meusi

Usimuue kiwavi wa namna hiyo. Vifuko vidogo vyeupe vilivyosimama au kulala juu ya ngozi yake si mayai yake, bali ni vifuko vya nyigu wadogo sana waliokulia ndani ya mwili wake na sasa wametoka kujisokotea nyuzi. Kiwavi huyo hali tena kwa maana inayodhuru, na atakufa. Nyigu watakaotoka watatafuta viwavi wengine katika shamba lako bila malipo yoyote. Vivyo hivyo, yai lililogeuka jeusi mara nyingi limeshikwa na nyigu wengine, wadogo kuliko hao, na halitatoa kiwavi. Punje moja moja nyeupe iliyogandamana na ngozi karibu na kichwa ni yai la aina fulani ya nzi, ambaye buu wake naye atamla kiwavi kutoka ndani.

Wengi huona mambo haya mara chache kwa sababu wamezoea kunyunyizia dawa kali kila wiki mbili. Dawa za kuua wadudu wote huwaua nyigu hao kabla ya kumwathiri kiwavi aliyejificha, na matokeo yanayofuata mara nyingi ni ongezeko la vidung'ata na utitiri, ambao maadui zao wamefagiliwa pamoja na wengine.

Dalili: nimepiga dawa, na viwavi bado wapo

Sababu ya kwanza ni kwamba dawa imefanya kazi lakini mkulima ameangalia mapema mno. Dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, ambayo ningeichagua kabla ya nyingine kwa viwavi wadogo, haiui kwa kugusa. Kiwavi lazima ale jani lililonyunyiziwa. Utumbo wake huharibika, huacha kula katika saa chache, lakini hubaki juu ya jani kwa siku mbili tatu akiwa amelegea kabla ya kufa. Anayekagua kesho yake humwona yupo na kusema dawa ni feki. Kipimo sahihi ni kinyesi: fagia ardhi chini ya mzabibu siku ya kunyunyizia, na kesho uangalie kama kuna kinyesi kipya. Kama hakuna, amekwisha kuacha kula, na hilo ndilo lililokuwa lengo.

Sababu ya pili ni saa ya kunyunyizia. Mwanga wa jua huiharibu bakteria hiyo kwa haraka, na jua la Dodoma ni kali. Ukinyunyizia asubuhi, sehemu kubwa itakuwa imepotea kabla viwavi hawajapanda kula usiku. Nyunyizia jioni, jua likiwa linazama, na uhakikishe kwamba upande wa chini wa majani umelowa. Mvua ikinyesha usiku huo huo, kazi inarudiwa.

Sababu ya tatu ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi: viwavi ni wakubwa mno. Kiwavi wa milimita 80 anahitaji dozi kubwa zaidi ili adhurike, na hata akidhurika amekwisha kula. Kwa huyo hakuna dawa inayoushinda mkono. Chukua ndoo yenye maji ya sabuni, pita kati ya mistari usiku na tochi, waangushe ndani. Au wape kuku, ambao huwapenda. Katika shamba la ekari moja au mbili hii si kazi ya kutisha, na haina siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Mwarobaini nao hutumika na hupunguza ulaji wa viwavi wadogo, ingawa matokeo yake hutegemea sana ubora wa mbegu na jinsi zilivyoandaliwa. Kwa dawa yoyote ya dukani, hakikisha kwamba imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwamba zabibu au viwavi wa majani wametajwa kwenye lebo, na kwamba siku za kusubiri zilizoandikwa zinaingia kabla ya tarehe yako ya kuvuna. Kama lebo haisomeki, usinunue chupa hiyo. Mwulize afisa ugani wa kata.

Mwisho, kuna wanaonyunyizia dawa kwa sababu wamewaona nondo wengi kwenye taa. Hilo lichukuliwe kuwa taarifa tu. Nondo waliokuja kwenye taa leo wanamaanisha kwamba mayai yatakuwapo sasa na viwavi wadogo watapatikana baada ya wiki moja hivi, na huo ndio wakati wa kugeuza majani. Kumwua nondo mwenyewe kuna hasara yake pia: katika mashamba ya mipapai nchini Kenya, nondo wa jamii hii ndio wanaochavusha maua, na mwenye mipapai kando ya zabibu zake anawahitaji.

Dalili: viwavi wametoweka wote kwa siku moja

Kama hukufanya lolote, usifurahi upesi. Kiwavi aliyemaliza kula hubadilika rangi na kuwa mweusi zaidi, huacha mzabibu, na hutembea chini kwa haraka akitafuta mahali pa kujificha. Ukimkuta anavuka njia mchana, ndicho anachokifanya. Pupa zitakuwa kwenye majani makavu yaliyorundikana chini ya mistari, kwenye matandazo, au ndani kidogo ya udongo uliolegea karibu na shina, na mahali penye umwagiliaji wa matone hupapenda kwa kuwa udongo wake ni laini.

Hapa kuna siku 14 hadi 21 za kufanya kazi rahisi. Kusanya majani makavu na uyatoe shambani, kisha pitisha reki kwa kina cha sentimita chache tu kuzunguka shina, bila kukata mizizi. Pupa ni kubwa na hucheza mkia ukiishika, hivyo haisahauliki ukishaiona mara moja. Ukiwafungulia kuku baada ya reki kupita, watamaliza kilichobaki. Palizi ya jembe la kina kirefu haihitajiki na huudhuru mzabibu.

Dalili: wanarudi kila baada ya kupogoa

Kupogoa huufanya mzabibu utoe majani laini kwa wakati mmoja, na hayo ndiyo nondo anayoyatafuta ili atage. Dodoma, ambako mavuno huangukia takriban Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba, kuna machipuko mawili ya namna hiyo kila mwaka. Yale yanayokutana na mwanzo wa mvua ndiyo huwa na viwavi wengi, kwa sababu joto hufupisha kila hatua ya maisha ya mdudu na mimea ya porini imechipua pia. Machipuko ya kipindi cha ukavu na ubaridi huwa na viwavi wachache wanaokua polepole, hivyo mtu ana muda zaidi wa kuwaona.

Tatizo lingine ni mahali wanapokaa mzabibu unapokuwa hauna majani. Kiwavi huyu hali mzabibu peke yake. Hula pia mimea ya porini ya jamii ya mzabibu inayotambaa kwenye vichaka na uzio, hula magimbi, na huweza kuonekana kwenye viazi vitamu, ingawa kiwavi mkubwa wa viazi vitamu mara nyingi huwa ni wa nondo mwingine wa jamii hiyo hiyo. Kung'oa kila mmea wa porini uliouzunguka mtaa mzima hakuwezekani wala hakufai, kwa kuwa mimea hiyo huwahifadhi pia nyigu tuliowataja. Kinachofaa ni kutoruhusu mimea hiyo ipande kwenye nguzo na waya za shamba lenyewe, na kuikagua ile ya uzio kabla ya kupogoa, kwa sababu viwavi walioko huko wanaonyesha nini kitafuata.

Kwa hiyo tarehe ya kupogoa iandikwe, na ukaguzi uhesabiwe kuanzia siku ambayo macho ya mzabibu yanafunguka. Mara tu majani matatu au manne yanapokunjuka, pita shambani mara mbili kwa wiki, ukichagua mizabibu kadhaa ya pembezoni karibu na uzio na mingine ya katikati, na kugeuza majani ya juu ya machipukizi machache kwenye kila mmoja. Tafuta yai la kijani linalong'aa na pembe nyeusi. Ukiwakuta wachache, waondoe kwa vidole na uendelee kukagua. Ukiwakuta karibu kwenye kila mzabibu, na bado hawajazidi sentimita 2, hiyo ndiyo jioni ya kunyunyizia dawa ya bakteria, kwa mara moja, na kurudia baada ya wiki moja kama mayai mapya yanaendelea kuonekana. Vichala vikishaanza kulainika, ukaguzi wa majani unaweza kupunguzwa kuwa mara moja kwa wiki, usiku, na ndoo ya sabuni mkononi.